Nawapenda wanyama, ila hesabu hazipandi: nisomee wanyamapori?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa mwisho sekondari, toka mdogo nawapenda wanyama, vipindi vya tembo na simba naangalia mpaka nachelewa kulala. Nataka nisomee sayansi na usimamizi wa wanyamapori ila nyumbani wananiambia ntaishia kubeba bunduki porini tu. Halafu bailojia naiweza ila hesabu hapana kabisa. Kazi yenyewe ikoje, na kama hesabu hazipandi niachane nayo? – Mpenda Tembo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hesabu maana umeiweka mwisho kama kitu kidogo na mimi naona ndo penyewe hapo. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhesabu viumbe ambao hawakai wakakusubiri uwahesabu. Mfano unataka kujua msitu fulani una panya wangapi. Unatega, unakamata 40, unawawekea alama sikioni unawaachia. Siku chache baadaye unatega tena unapata 50, ukiangalia 10 kati yao wana alama. Yaani katika kila watano mmoja ana alama, na wenye alama ni 40, basi wote wako kama 200. Umeona? Panya wengi kati ya hao hujawahi hata kuwatia machoni na umeshawahesabu, kwa kuzidisha na kugawanya tu.

Sasa utamu unaanzia hapo, manake unajiuliza, hivi wale wa mara ya kwanza hawakuuogopa mtego wakaukwepa? Hawakuhama? Hawakufa wengine katikati? Takwimu ndo zinakusaidia kujua ni kwa kiasi gani uiamini ile 200 yako, na bila hizo huwezi kumwambia mtu yeyote kama wanyama wanaongezeka au wanaisha. Kwa hiyo usiikimbie, tafuta mtu akuelekeze taratibu, na nakuambia ukweli, hesabu inayomhusu mnyama unayempenda inaingia kichwani kuliko ile ya ubaoni.

Kuhusu porini, utaenda, ila sio kila siku. Kuna kamera tunazifunga kwenye mti usawa wa goti hivi, kitu chenye joto kikipita inapiga yenyewe. Unarudi baada ya wiki kadhaa unakuta picha maelfu, unakaa mbele ya kompyuta unafungua moja moja, nyasi, nyasi, nyasi zimepigwa upepo jua likiwa kali, nyasi tena, halafu ghafla nusu ya uso wa chui na sikio moja usiku wa saa nane. Mimi hapo mpaka leo nasimama kwenye kiti! Kama unaweza kuvumilia zile nyasi zote kwa ajili ya lile sikio, kazi hii ni yako.

Wazazi wako uwaelewe, ila uaskari wa wanyamapori usiudharau hata kidogo, wale wanahatarisha maisha na wengine wameyapoteza kabisa, na mwanasayansi anafanya kazi salama kwa sababu yao. Waeleze tu kwamba fani ni pana, kuna madaktari wa wanyama, wachora ramani za shoroba, yaani njia wanazopita wanyama kutoka hifadhi moja kwenda nyingine, wanasheria, wapanga mipango ya hifadhi, na watu wa kukaa na jamii. Wengine watakutajia Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kwamba aliingia Gombe kule Kigoma 1960 bila digrii, ni kweli, lakini udaktari wake wa Cambridge aliupata baadaye, na siku hizi ajira nyingi za utafiti zinaanza na vyeti, kwa hiyo soma.

Hao wa jamii nataka niwaongelee kidogo. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, uliingia Afrika Mashariki kwenye miaka ya 1890 ukaua ng'ombe, ukaua na nyati na nyumbu. Baadaye ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti wakachanjwa, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na nyumbu waliokuwa kama laki mbili na nusu mwaka 1961 wakapita milioni moja na laki tatu kufika 1977. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja! Tena nyumbu walivyokuwa wengi wakamaliza majani, moto ukapungua kwa kukosa cha kuchoma, miti ikaanza kuota. Yote hayo yalianzia kwenye zizi la mfugaji, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa imetokomezwa duniani kote. Ndo maana mtu anayependa wanyama lakini watu hawawezi, hataki kukaa chini na mfugaji aliyeliwa mbuzi na fisi jana usiku akamsikiliza mpaka mwisho, namwambia afikirie tena. Muda wako mwingi utakuwa na watu.

Wakati unasubiri chuo, anza sasa. Tafuta njia moja unayoweza kuipita kila wiki, saa ile ile, mwendo ule ule, uhesabu ndege wa aina mbili tatu unaowajua vizuri, uandike tarehe, saa, hali ya hewa na idadi. Na siku ambayo hujaona ndege hata mmoja usiruke mstari, andika 0.