Unapenda ndege? Nusa mafuta kwanza

Mimi toka mdogo ndege ikipita juu lazima nitoke nje, hata kama uso umejaa sabuni. Leo nina zaidi ya miaka ishirini narusha vindege vidogo kwa hela yangu mwenyewe, si kazi, ni ugonjwa tu, na vijana wakiniuliza waanzie wapi huwa siwaambii habari za mawingu, nawaambia habari ya kikombe.

Kabla ya kuruka unachota mafuta kidogo chini ya kila tanki, unaweka kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, unaangalia. Petroli ya ndege ile 100LL imetiwa rangi ya buluu, na maji yakiingia yanakaa chini kwa sababu ni mazito, unaona kabisa mstari. Sasa mimi nikiwa mwanafunzi nina haraka ya kupaa nikainua kikombe juu, nikaona buluu safi kabisa, hamna mstari, nikasema freshi. Mwalimu akaniambia nusa. Nikanusa, hamna harufu. Kumbe kikombe kizima kilikuwa maji matupu na ile buluu ilikuwa ya mbingu!! Usiku mvua ilinyesha na mfuniko wa tanki ulikuwa umechoka. Injini ingezimika tukiwa ndo tunaacha ranwei, pale chini kabisa huna hata muda wa kutafuta pa kutua.

Kwa hiyo weka kikombe mbele ya kitu cheupe, ubavu wa ndege unatosha, na unuse. Geji za mafuta nazo usiziamini sana, panda juu uchovye kijiti. Ukiwa na hamu ya kupaa macho yanakuletea unachotaka kuona, hapo ndo penye shida yenyewe.

Leseni ya rubani binafsi? Marekani kima cha chini ni saa 40 za kuruka, Ulaya 45, ila wengi wanazidi hapo kwa hiyo panga hela mapema na usilinganishe saa zako na za mtu.

Kitu kingine ni kutua. Cessna 172, kile kindege cha viti vinne, unakuja nayo kama kilomita 120 kwa saa, ukizidisha haitaki kukaa chini, ukiilazimisha inadunda, na ikidunda mkono wenyewe unataka kusukuma pua chini. Usisukume! Mdundo wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, wa tatu unaondoka na gurudumu la mbele. Weka moto wote, yaani nguvu yote ya injini, shika pua vizuri, paa tena, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, unazirudisha kidogo kidogo, uzunguke uje upya. Hakuna anayekucheka, na akicheka mwache acheke yeye yuko chini.

Rekodi yangu mimi ni kuzunguka mara 3 siku moja ya upepo wa ubavuni, na mke wangu yuko pembeni. Tulivyoshuka akaniuliza mbona tumezunguka sana, nikamwambia nilitaka uone mandhari.