Injini imezima, mbona akaenda kugonga ndege zilizopaki?

SWALI: Mhariri habari, nimeona video ya ndege ndogo injini imezima hewani, rubani kashuka hadi kwenye ranwei vizuri tu, alafu ikapitiliza ikagonga ndege zilizopaki pembeni. Kwani injini ikizima na breki zinakufa?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapana, breki hazifi. Kwenye ndege nyingi ndogo kama Cessna 172 breki ni za haidroliki (zinasukumwa na kimiminika ndani ya mipira), rubani anakanyaga kwa miguu juu ya pedali, injini haihusiki kabisa. Shida inaanzia hewani. Ndege hiyo bila injini inateleza mbele kama futi 9 kwa kila futi 1 inayoshuka, na rubani hana nafasi ya kupaa tena ajaribu upya, kwahiyo wengi wanakuja juu kidogo na kasi kidogo wasije wakaangukia kabla ya ranwei, na mimi naona wako sahihi kabisa. Sasa ile kasi ya ziada lazima iishie mahali, na akikanyaga breki wakati mabawa bado yanainua ndege, matairi yanateleza tu.

Kinachonitisha mimi ni baada ya kugongana. Mafuta mara nyingi yako ndani ya mabawa na mabawa ndo yanagonga kwanza, ndo maana rubani anafundishwa kufunga mafuta kabla hajagusa chini. Na jamani propela hata imesimama msiishike, magneto (kifaa cha kuwashia injini) inatoa cheche bila betri, ikizungushwa kidogo tu injini inaweza kuwaka.