Maswali yenu ya CISSP na ndugu zake: pesa, kitambulisho na ule ugonjwa wa fundi

Haya, maswali yamekuwa mengi na mengine yanafanana, nimechagua machache nijibu kwa mpigo. Kwa wageni, mimi naishi Kisumu, kazi yangu ni usalama wa mifumo, na CISSP, kile cheti kikubwa cha usalama wa mifumo, nilipita mara ya pili. Ya kwanza nilianguka, sababu nitawaambia hapo mbele.

"Niko na diploma ya IT na miaka miwili kwa helpdeski ya sacco. Naweza kuruka moja kwa moja hadi CISSP?" Kondele, Kisumu

Kufanya mtihani unaweza, hakuna mtu atakufungia mlango. Lakini kupita mtihani na kuitwa CISSP ni vitu viwili tofauti. ISC2, wenye hicho cheti, wanataka uwe umefanya kazi miaka 5 kwenye angalau domeini mbili, yaani maeneo ya kazi yanayotahiniwa, kati ya zile 8. Digrii ya kompyuta au IT inakupunguzia mwaka mmoja tu, hata ukiwa nazo mbili bado ni mwaka mmoja. Ukipita kabla miaka haijatimia unaitwa Associate na unapewa miaka 6 ya kuitafuta hiyo kazi.

Sasa swali la kujiuliza ni hii helpdeski unafanya nini hasa. Kama ni kubadilishia watu paswadi na kuchomoa karatasi zimekwama kwa printa, aki hiyo haitahesabika sana. Kama wewe ndio unafungua na kufunga akaunti za wafanyikazi, unaamua nani aone nini, hiyo ni kazi ya domeini ya utambulisho na ruhusa, anza kuiandika mahali, tarehe na yote, maana baadaye kuna mtu mwenye cheti atatakiwa akuthibitishie na hatathibitisha hewa. Hata kazi ya nusu siku na atachi huwa zinahesabika mradi ziwe na barua.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na Security+, cheti cha kuanzia cha CompTIA. Maswali hayazidi 90, dakika 90, unahitaji 750 kwa kipimo kinachofika 900, na ndani yake kuna yale ya kufanya kwa mikono, unapewa fayawolu, ule mlinzi wa netiweki, upange sheria zake. Inakufaa kazini kesho yake.

"Jumla ni pesa ngapi? Usinifiche." Section 58, Nakuru

Sikufichi. Mtihani wa CISSP ni dola 749. Piga kwa 130 hivi unapata kama 97,000 za Kenya, na ukianguka unalipa tena yote, hakuna nusu bei ya kukupa pole. Ukishakuwa member kamili ni dola 135 kila mwaka, Associate 50. Halafu kuna masaa ya kuendelea kusoma, 120 kwa miaka mitatu, lakini hayo unaweza kuyapata bure ukisikiliza semina za mtandaoni. Ongeza vitabu, ongeza nauli na mahali pa kulala.

Kitu kimoja nakuomba kama ndugu, usichukue hiyo pesa kwa zile app za mkopo za simu. Nilimwona jamaa anasoma huku anapigiwa simu na wadai mbele ya wafanyikazi wenzake, sasa hapo unashika nini kichwani? Enda kwa bosi kwanza. Andika ukurasa mmoja, sema cheti kitasaidia nini ofisini, omba walipe au wakukopeshe ukatwe polepole. Wengi hukataa kuomba kabla hata hawajakataliwa.

"Niko internal audit, CISSP ama CISM?" Milimani, Nakuru

Wala hii wala ile, dada, angalia CISA. Hiyo ndiyo ya wakaguzi wa mifumo, ni ya shirika la ISACA, hao hao wa CISM. CISM ni ya mtu anayesimamia programu nzima ya sekyuriti. Zote mbili ni maswali 150 kwa masaa 4, unapita ukipata 450 kwa kipimo cha 200 hadi 800, na unaweza kufanya mtihani kwanza uzoefu ufuate.

"Nimekuwa fundi wa netiweki miaka 7. Majaribio ya netiweki napata 85 na zaidi, nikifika kwa maswali ya riski na menejimenti naanguka hadi 50. Nikisoma maelezo naelewa, nikirudi nakosea tena. Shida iko wapi?" Kakamega

Ndugu, huo ni ugonjwa na mimi nimeuugua. Mtu ameshika koleo na waya miaka saba, akisikia kuna shida mkono unafika kwa kibodi kabla akili haijaamka. Mtihani unajua hivyo, ndio maana kati ya majibu manne mara nyingi moja huwa la fundi, tena limeandikwa vizuri, linavutia, na ni kweli kabisa kiufundi. Halafu sio jibu.

Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe. Meneja wa sekyuriti wa hospitali anapata ripoti kwamba seva ya malipo ina tundu la usalama linalojulikana, hakuna dalili ya mtu kuingia. Afanye nini kwanza? Aweke pachi, yaani rekebisho la programu, usiku huo huo, azime seva, apime athari kwa kazi za hospitali, ama aite wakaguzi wa nje? Wewe umeshaweka pachi, naona. Lakini pachi haijajaribiwa, hakuna aliyeidhinisha mabadiliko, na kesho asubuhi foleni ya wagonjwa iko hadi getini malipo hayaendi. Hapo mtihani unamtaka yule anayepima kwanza. Soma tena neno "kwanza" kwa swali. Maswali mengine yanasema "bora zaidi", mengine "uwezekano mkubwa", na hilo neno moja linabadilisha jibu zima. Isipokuwa maisha ya watu yakiwa hatarini, hapo hakuna kupima: chumba cha seva kinawaka moto, toa watu, hata kama jibu la kuokoa bakapu, zile nakala za data, limependeza aje.

Na hesabu za riski usiziogope, ni za duka tu. Tuseme sacco ndogo pale Ahero, mambo ya mafuriko ya mto Nyando tunayajua. Vifaa vya chumba cha seva ni 800,000. Maji yakiingia yanaharibu robo, yaani 200,000, hiyo ndiyo SLE, hasara ya tukio moja. Tuseme yanaingia mara moja kwa miaka 10, basi ARO, yaani mara ngapi kwa mwaka, ni 0.1. Zidisha, unapata ALE ya 20,000, hasara ya kutarajia kwa mwaka. Anakuja muuzaji na pampu na mkataba wa kuitunza, 35,000 kila mwaka. Fundi anasema nunua, maji ni mabaya. Mshauri wa mwenye mali, ambaye ndiye mtihani unamtaka, anaona unatoa 35,000 kuzuia 20,000, kwa nini seva isipandishwe ghorofani, ama ikatiwe bima, ama wakubali riski ikae hivyo?

Lakini ngoja, hapa ndipo wengi wanateleza. Kama seva ikilala siku tatu wanachama hawawezi kutoa pesa zao, hiyo hasara nayo inaingia kwa hesabu, na pengine ile pampu ikawa rahisi. Na nani anakubali riski? Sio wewe. Wewe unaeleza, mwenye mali au wakubwa wa shirika ndio wanaamua na kutia sahihi. Hiki kitu kinarudi kwenye maswali kwa nguo tofauti tofauti hadi utachoka.

Mimi mara ya kwanza nilianguka hapo. Nikapewa karatasi inaonyesha kila domeini niko chini, karibu ama juu ya kiwango: netiweki juu, usalama na usimamizi wa riski chini. Na hiyo ndiyo domeini nzito kuliko zote, 16%. Nilikaa nayo kwa matatu nikiiangalia kama risiti ya kitu sikununua. Kilichonisaidia baadaye ni kidogo sana: kila swali la majaribio nililazimika kusema kwa sauti kwa nini yale majibu matatu mengine sio, kabla ya kubonyeza. Maswali 20 kwa siku hivyo ni bora kuliko 100 ya kukimbizana na alama. Mke wangu alidhani nimeanza kuongea peke yangu.

"Kuna mtu kwa Telegram ananiuzia maswali halisi 1,500. Nichukue?" Busia

Usichukue. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya siri, wakikupata wanaweza kukufungia na cheti kinaenda. Na mara nyingi hayo maswali ni ya zamani na majibu yamekosewa. CISSP yenyewe ilibadilishwa Aprili 2024, sasa mtu wa Telegram anakuuzia ya lini?

"Nimebook mwezi ujao, siku yenyewe inakuwaje? Naskia kuna watu wanarudishwa mlangoni." Mamboleo, Kisumu

Wanarudishwa kweli, na mara nyingi ni jina. Sisi watu wa huku tuko na majina matatu, kitambulisho kinasema hivi, akaunti ulifungua na jina la ubatizo na lile la utani la Facebook. Jina la kwanza na la mwisho lazima yafanane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Angalia leo, kurekebisha kunachukua siku. ISC2 wanataka vitambulisho viwili, kimoja cha serikali chenye picha na sahihi, cha pili chenye jina na sahihi, kama kadi ya benki uliyotia sahihi nyuma. Wengi hawajawahi kutia, kalamu iko hapo nyumbani.

Mtihani unafanyiwa kwenye vituo vya Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani, ukibook unaona kilicho na nafasi. Mimi nilienda Nairobi, na kosa langu lingine mara ya kwanza lilikuwa kupanda basi la usiku ati nifike asubuhi nikiwa moto. Ni kama kilomita 350. Nilifika nikiwa na shingo imekauka na nikasoma swali la tatu mara nne. Mara ya pili nililala kwa binamu yangu siku mbili mapema na sikufungua kitabu.

Ndani unaacha simu, saa, kila kitu kwa loka. Masaa 3, maswali kati ya 100 na 150, na mtihani unajipima na wewe: ukijibu vizuri unaletewa magumu. Kurudi nyuma hakuna, ukishajibu umejibu. Maswali 25 ndani yake hayahesabiwi lakini huambiwi ni yapi, kwa hivyo ukikutana na lingine la ajabu ajabu usikae nalo dakika tano. Kwenda choo unaruhusiwa, saa haikungojei. Na ikizima ghafla kwa swali la 100 usilie bado, yangu ilizima hapo hapo mara zote mbili, moja nimeanguka, moja nimepita.

"Nafundisha kompyuta, niko na mtoto wa miezi minane na stima huku inapotea kila mara. Nasoma aje?" Kimilili

Pole mwalimu. Anza na CC, ile ya kuanzia ya ISC2, haidai uzoefu wowote. Video zishushe kwa simu ukiwa na bando la usiku, kurasa muhimu zichape karatasi pale shuleni. Dakika 40 mtoto akilala, basi. Na ile siku ya kufundisha fomu tatu mambo ya paswadi na virusi, fundisha kwa notisi zako za mtihani, wanafunzi watakuuliza maswali magumu kuliko ya ISC2.

"Nimeanguka wiki iliyopita. Nirudi lini?" Nyalenda, Kisumu

Pole sana. Baada ya mara ya kwanza unangoja siku 30, ya pili 60, ya tatu 90, na kwa miezi 12 haizidi mara nne. Lakini 30 ni ruhusa tu, mimi nilingoja miezi mitatu. Leta ile karatasi yako ya domeini, Jumamosi nitakuwa pale ufukweni kwa hoteli za samaki saa saba, samaki ni juu yako.