Kadi ya fedha, kiti cha katikati: nani anaamua unakaa wapi ndani ya ndege?

SWALI: Habari za kazi. Nilisafiri kutoka Dar kwenda Frankfurt kwa kuunganisha ndege njiani. Wiki kadhaa kabla ya safari nilikuwa nimeshachagua kiti 12A, dirishani. Nilipofika kaunta nikapewa 34E, katikati. Mwenzangu wa ofisini, tuliyekata naye tiketi siku moja kwa nauli ile ile, ana kadi ya dhahabu (Gold) ya wasafiri wa mara kwa mara wa shirika hilo. Yeye alikaa mbele, na kiti cha jirani yake kilibaki kitupu mpaka tunatua. Mimi nina kadi ya namna hiyo ya rangi ya fedha (Silver), ya shirika lingine lililo kwenye muungano mmoja wa mashirika ya ndege na hilo. Dada wa kaunta aliniambia tu kwamba "mfumo ndio umepanga". Je, viti vinagawiwa kwa rangi ya kadi? Na kama ndivyo, kadi yangu ilikuwa na kazi gani? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Ndugu yangu, dada wa kaunta alisema kweli, ila hakukupa maelezo uliyostahili. Mfumo ndio uliopanga, lakini mfumo hupanga kwa amri ulizopewa na watu, na amri hizo zinaelezeka.

Nianze na kile ambacho abiria hakioni. Unapofungua ramani ya viti kwenye simu yako, huoni ndege nzima. Unaona sehemu ambayo shirika limeamua uione wewe, kwa nauli uliyolipa na kadi uliyonayo, siku hiyo. Kiti kinachoonekana kwako kuwa kimeshachukuliwa huenda hakina mtu kabisa, kimefungwa tu. Sisi wa kaunta tunaiona ramani nyingine. Kila kiti kina alama zake: hiki cha dirishani, hiki kiko kwenye safu ya mlango wa dharura, hiki kinatazamana na ukuta ambapo hufungwa kitanda cha mtoto mchanga, hiki kimewekwa kando kigawiwe uwanjani siku ya safari, hiki kimetengwa kwa wenye kadi za juu. Kando ya jina la abiria napo huwa na herufi ya nauli yake na alama ya kadi yake. Kompyuta inalinganisha alama za kiti na alama za mtu.

Kwa hiyo kadi haikupi kiti. Inakupa muda na eneo: unaruhusiwa kuchagua kuanzia lini, na katika safu zipi. Mfano ulio wazi ni British Airways. Mwenye kadi ya Gold au Silver huchagua kiti bure tangu anapokata tiketi. Mwenye Bronze husubiri hadi zibaki siku 7. Asiye na kadi, asipolipia kiti, husubiri saa 24 za mwisho. Hebu fikiria ndege inayokaribia kujaa. Huyu wa saa 24 akifungua ramani, anakuta dirisha na viti vya kwenye ujia vimeshakwenda, na kilichobaki ni katikati. Hakuna aliyekaa akaamua kumnyima. Foleni ilianza miezi mingi kabla, naye aliruhusiwa kuingia mwishoni.

Kiti kitupu cha jirani ya mwenzako nacho kina maelezo. Mashirika kadhaa huweka amri kwamba kiti kilicho kando ya mwenye kadi ya juu kifungwe, na kifunguliwe baada ya vingine kuisha. Si ahadi. Ndege ikijaa, kiti kinafunguliwa na mtu anakaa. Ndege isipojaa sana, kinabaki wazi, na mwenye kadi anahisi ana bahati. Usikitegemee hata siku utakapopata kadi ya dhahabu.

Sasa kadi yako. Hapa ndipo wasafiri wetu wengi wanapokwama, na inanisikitisha kwa sababu watu hukusanya maili (pointi za safari) kwa miaka bila kuelezwa jambo hili. Kadi huwa na nguvu mbili tofauti: nguvu ndani ya shirika lililoitoa, na nguvu ndani ya muungano. Ya pili kwa kawaida ni ndogo zaidi. Star Alliance, muungano ulioanza 1997 na ambao Ethiopian Airlines ilijiunga nao 2011, humpa mwenye Gold launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani), begi la ziada, kaunta ya haraka, kupanda mapema na kutangulizwa kwenye orodha ya kusubiri. Kuchagua kiti bure hakumo katika orodha hiyo ya muungano. Shirika mwanachama linaweza kukupa kwa hiari yake, au lisikupe. Silver ya muungano huo ni ndogo zaidi: kwa sehemu kubwa ni kutangulizwa kwenye orodha ya kusubiri tu. Oneworld, ambamo Qatar Airways iliingia 2013, imeweka viti vya upendeleo au kuchagua mapema tangu ngazi yake ya chini kabisa, Ruby, ingawa kila shirika lina masharti yake ya nauli na saa. SkyTeam, ambayo Kenya Airways ni mwanachama kamili tangu 2010, nayo inataja viti vya upendeleo kwa ngazi zake mbili. Emirates haimo katika muungano wowote, hivyo kadi ya dhahabu ya muungano fulani haina kazi kwenye ramani yake ya viti.

Kwa maneno mengine, wewe na mwenzako hamkuwa na kadi za namna moja zenye rangi tofauti. Yeye alikuwa mwenyeji wa nyumba hiyo, wewe ulikuwa mgeni aliyetambulishwa na jirani.

Na huenda hata hukutambulishwa. Jambo ninalokutana nalo zaidi kaunta ni namba ya kadi ambayo haimo kwenye tiketi. Mtu amekata kwa wakala wa Kariakoo au kwenye tovuti ya kulinganisha nauli, kadi iko kwenye pochi, na kompyuta haiijui. Au namba imo lakini jina la kwenye kadi limeandikwa tofauti na la kwenye pasipoti, hivyo mfumo umeikataa kimya kimya. Au tiketi ina namba ya safari ya shirika A, na ndege ni ya shirika B. Hapo anayegawa viti ni mwenye ndege. Bukingi hiyo moja mara nyingi huwa na namba mbili, kila moja ikiwa na jumla ya tarakimu na herufi sita, moja kwa kila shirika, na namba ya kadi iliyoingizwa upande mmoja si lazima ivuke kwenda upande wa pili.

Bado hatujajibu 12A ilikwenda wapi, maana ulikuwa umeshaichagua. Bila kuiona bukingi yako, sababu ninayoishuku kwanza ni kubadilishwa kwa ndege. Boeing 787 katika daraja la kawaida kwa kawaida hupangwa viti vitatu, vitatu, vitatu kwa safu. Airbus A330 hupangwa viwili, vinne, viwili. Shirika likibadilisha moja kwa nyingine, ramani ya zamani inakufa na abiria wote wanapangwa upya kwa mkupuo mmoja. Pengine safu ya 12 ya ndege mpya haipo kabisa, au imo ndani ya daraja la biashara. Katika upangaji huo wa mkupuo, mashine huanza na wale ambao shirika linaogopa zaidi kuwaudhi au kuwarudishia fedha: wenye kadi zake za juu, waliolipia kiti, wenye nauli kubwa, familia zenye watoto. Wengine wanajazwa panapobaki. Aliyechagua 12A bure miezi mitatu iliyopita hana nafasi ya mbele katika foleni hiyo. Hapo ndipo rangi ya kadi huonekana waziwazi kuliko wakati mwingine wowote.

Ziko sababu nyingine, na baadhi ni za haki kabisa. Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji safu ya ukutani. Watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi kwenye safu moja upande mmoja endapo barakoa za oksijeni hazitoshi: juu ya viti vitatu vya Boeing 737 kwa kawaida kuna barakoa nne, yaani moja ya ziada tu. Safu ya mlango wa dharura haikaliwi na mtoto, wala na mtu asiyeweza kuufungua mlango au kuelewa maelekezo ya wahudumu, awe na kadi ya platinamu au la. Sheria ya Marekani inataka mtu wa hapo awe na umri wa angalau miaka 15. Na kwenye ndege ndogo za safari za ndani, uzito hushinda kila kitu. ATR 72 hubeba mizigo mbele, nyuma ya chumba cha rubani, na abiria hupandia mlango wa nyuma. Abiria wakiwa wachache, huwezi kuwaacha wakae wanapotaka. Kaunta inawagawa mbele, katikati na nyuma kulingana na hesabu ya mizani. Nimeona watu wakigombana na mhudumu kwa sababu wameona viti vitupu mbele. Mhudumu hana ubaya nao. Ndege lazima iruke ikiwa na mizani sahihi.

Umeuliza pia kama hii ni haki. Kadi hizi zilianza kwa hesabu za biashara. Marekani iliondoa udhibiti wa serikali kwenye nauli na njia za ndege 1978, ushindani ukawa mkali, na American Airlines ikaanzisha AAdvantage, mpango wake wa kadi na maili, 1981 ili abiria wa mara kwa mara wasihamie kwingine. Sioni ubaya kwa shirika kumpa kiti kizuri anayerudi kila wiki. Ubaya ninaouona ni kumwondoa mtu kwenye kiti alichochagua bila kumtumia hata ujumbe mmoja, na kutenganisha mzazi na mtoto wake kisha kuwaachia abiria waombane viti wenyewe ndani ya ndege. Hayo mashine inaweza kuzuia ikiamriwa.

Kwa upande wa sheria, ujue mpaka ulipo. Masharti ya usafirishaji ya mashirika mengi yanasema wazi kwamba namba ya kiti haina uhakika. Ulichonunua ni safari katika daraja fulani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakulinda ukinyimwa kupanda kwa sababu viti viliuzwa kupita idadi: shirika lazima kwanza litafute wa kujitolea, na ukizuiwa bila hiari yako unalipwa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Ukishushwa daraja, unarudishiwa asilimia 30, 50 au 75 ya nauli ya safari hiyo. Kuhamishwa kutoka dirishani kwenda katikati hakumo. Kanuni hii inashika safari yoyote inayoanzia nchi za Umoja wa Ulaya, hivyo kurudi kwako kutoka Frankfurt kulikuwa chini yake, shirika liwe la wapi. Kwenda, ingekuhusu kama ndege ingekuwa ya shirika la Umoja wa Ulaya. Marekani kanuni huruhusu shirika litumie kadi kama kigezo cha nani aachwe ndege ikizidi watu. Kigezo hicho kilijulikana dunia nzima Aprili 2017, abiria alipoburutwa nje ya ndege ya United huko Chicago ili kuwapisha wafanyakazi wanne wa shirika. Tangu 2021 kanuni zao zinakataza kumshusha kwa sababu hiyo mtu aliyekwisha kupanda kihalali.

Kupandishwa daraja bure nako kuna foleni yake. American, kwa mfano, hutazama ngazi ya kadi, kisha kati ya wenye ngazi sawa hutazama pointi ulizokusanya katika miezi 12 iliyopita. Suti nzuri haimo kwenye foleni hiyo, ingawa bado nasikia watu wakishauriana hivyo.

Safari ijayo, fanya hivi. Mpe wakala namba ya kadi wakati wa kukata tiketi, na hakikisha jina ni lile lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Uliza ndege ni ya nani, omba namba ya bukingi ya shirika hilo, kisha fungua tovuti yake mwenyewe uone kama kadi yako inasomeka na kiti kimeandikwa. Kila unapopokea barua pepe ya mabadiliko ya saa, hata ya dakika kumi, rudi ukatazame kiti, maana mabadiliko hayo mara nyingi hubeba ndege nyingine nyuma yake. Fanya chekini mtandaoni mara huduma hiyo inapofunguliwa: Emirates ni saa 48 kabla, KLM ni saa 30. Saa hizo za kwanza ndipo viti vilivyofungwa huanza kuachiwa, na ndipo mtu asiye na kadi hupata dirisha.

Ukikuta umehamishwa, usianze na hoja ya kadi. Muulize wa kaunta, kwa upole, kama kuna viti vilivyowekwa kando vigawiwe getini, pa kupandia ndege. Viti hivyo anavifungua msimamizi, na huwa vipo mpaka dakika za mwisho kwa ajili ya familia na wagonjwa. Wakishapangwa hao, vinavyobaki hupewa aliyeuliza. Na kama 12A uliilipia, tafuta risiti ya malipo ya kiti na pasi zote mbili za kupandia ndege, ya zamani na mpya, uandike kudai fedha hiyo. Kwa mashirika mengi ada ya kiti hurudishwa shirika lenyewe likikuhamisha, ila hairudi yenyewe mpaka uidai.