Maswali yenu kuhusu 텐데 ya Kikorea

Katika tamthilia za Kikorea nasikia watu wakimalizia sentensi kwa “tende”. Ni neno gani hilo? (Msomaji, Morogoro)

Ni 텐데. Litamke kama tende ya kufuturia, ila t itoke na pumzi. Ndani yake mna nomino 터, yenye maana ya matarajio au hali, iliyoungana na 인데, kiunganishi kinachoandaa neno linalofuata. Unakisia jambo, kisha unaongeza neno lako: 비가 올 텐데 우산을 가져가세요, “mvua itanyesha, chukua mwavuli”. Nasi hukisia kwa -ta-. Tukisema “atakuwa ameshafika” hatuzungumzii kesho, na Mkorea hapo atasema 도착했을 텐데.

Mbona mara nyingi hilo neno la kuongeza halipo?

Hapo ndipo penye utamu wake. Mgeni ametoka safari ndefu, mwenyeji anamwambia 피곤하실 텐데…, “utakuwa umechoka…”, anaishia hapo. Mengine mgeni anayajaza mwenyewe: keti, pumzika. Ni kama sisi tunavyotoa “pole na safari” kabla mtu hajalalamika. Kuna sentensi moja ningependa kila mwanafunzi aikariri hata kabla ya kufikiria mtihani: 바쁘실 텐데 와 주셔서 감사합니다, “najua una shughuli nyingi, asante kwa kuja”. Ile 시 iliyomo ndani ya 바쁘실 ni ya heshima. Kwa mkubwa wako usiiache kamwe.

텐데 na 테니까 zinatofautianaje?

테니까 hutoa sababu, na mara nyingi hufuatwa na agizo au ombi. Tena hubeba nia ya msemaji: 제가 할 테니까 쉬세요, “nitafanya mimi, wewe pumzika”. Kwa nia yako namna hiyo, usitumie 텐데.

Niliandika 춥을 텐데 na 갈텐데, zote nikakosa. Kwa nini?

춥다 (“kuwa baridi”) hapa hupoteza ㅂ, inakuwa 추울 텐데. Ya pili imekosa nafasi tu: andika 갈 텐데 (“ataenda…”), maana 터 ni nomino, inasimama peke yake. Na shina linaloishia na ㄹ, kama la 힘들다 (“kuwa vigumu”), haliongezewi ㄹ wala 을 inayotangulia 텐데: 힘들 텐데.

Na jambo likiwa limeshapita?

Tia 았 au 었 kabla ya 을 텐데. Ukitanguliza sharti, unapata majuto yaleyale ya -ngali-: 일찍 왔으면 만났을 텐데, “ungalikuja mapema, ungalimkuta”.