Sanrufu inavuja? Weka chini kwanza hiyo silikoni

Jumamosi nimetoka stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, kuchukua mzigo, nafika gereji nakuta madogo wawili wako juu ya Lexus ya watu. Mmoja kashika tyubu ya silikoni nyeusi, mwenzake anamwelekeza, "Jaza na hapo konani." Wanaziba sanrufu, kile kioo kinachofunguka kwenye paa. Mwenye gari kakaa kwenye kreti la soda, anatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kwa mtu asiyejua, kazi ile inapendeza machoni. Sikupiga kelele. Niliwaambia washuke, nikachukua kisu cha plastiki nikakwangua silikoni yote mwenyewe mpaka giza likaingia.

Mwaka jana niliyasema haya haya kwa madogo wengine. Kabla yao kuna wengine. Na kabla ya hao wote kuna mtu aliniambia mimi, nikamsikia kwa sikio la kushoto likatokea kulia. Kwa hiyo leo nayaandika, na nayapa namba ili mtu asije kusema hakuelewa mpangilio.

1. Sanrufu haikutengenezwa kuzuia maji yote.

Mnalijua hili. Trei iliyo chini ya kioo mmeiona, mipira yake ya kutolea maji mmeishika, lakini likidondoka tone moja kichwani kwa mteja mnasahau kila kitu mnakimbilia raba ya ukingoni mwa kioo. Raba kazi yake ni kupunguza maji. Yanayopita yanaangukia kwenye trei, na trei inayatoa kwa mipira minne, mmoja kila kona: miwili ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, miwili ya nyuma inashuka kuelekea kwenye bampa. Mvua ikinyesha na ukaona maji yanachuruzika chini karibu na matairi, gari ni zima. Usipoyaona chini ndipo ujiulize yako wapi.

Hapa kwetu mipira hiyo haikosi cha kuiziba. Majani na maua ya mwembe, maana kila mtu anaegesha chini ya mwembe. Vumbi la Igoma. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi: taa ya nje ikiwaka usiku, asubuhi paa lote ni wao. Wakilowa na vumbi wanakuwa udongo wa mfinyanzi. Nimewahi kutoa kitu kwenye mpira wa Toyota Crown, dogo mmoja akaapa ni chaki.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mteja "kioo kimekwisha, tuagize kingine", zibua mipira. Mara nyingi kazi inaishia hapo, nawe umepoteza faida ya kuuza kioo. Vumilia. Atarudi na shemeji yake.

2. Pima kwa kikombe.

Siyo kwa mpira wa kuoshea gari, siyo kwa ndoo. Fungua kioo, mimina kikombe kimoja pole pole kwenye kona moja, mwenzako ainame chini aone maji yanatokea wapi na baada ya muda gani. Kisha kona ya pili. Kona nne, vikombe vinne. Kwa nini nasisitiza kikombe mtaona sasa hivi.

3. Kompresa. Hapa mniache nikae kidogo.

Ilikuwa Agosti, kiangazi chenyewe, mawe ya Mwanza yanaunguza hata ukiyatazama. Nilikuwa na miaka minne kwenye ufundi, yaani ule umri ambao fundi anadhani ameshahitimu. Mama mmoja wa Isamilo akaleta BMW X5, toleo lile la E70, yenye sanrufu ndefu ya vipande viwili: cha mbele kinafunguka, cha nyuma kimetulia. Cha mbele kilikuwa kimesambaratika punje punje. Mama alishikilia kwamba ni korongo, wale wenye vipara wa jalalani, kadondosha mfupa akiwa angani. Mimi niliona ni jiwe, lakini mteja akisema korongo, ni korongo.

Kioo kikapatikana, nikaanza kufungua. Mnajua kioo cha namna ile kikivunjika: punje zinaingia kwenye reli, chini ya raba, ndani ya trei, mpaka kwenye mifuko ya viti. Dawa yake ni mashine ya kunyonya vumbi, kibanio cha kuokotea na subira. Mashine sikuwa nayo. Subira sikuwa nayo. Kompresa nilikuwa nayo, imejaa upepo, inanguruma pembeni kama inaniita. Nikapuliza. Punje zikaruka juu kama mahindi ya bisi, nikafurahi. Kisha nikaona tundu la mpira wa nyuma kulia lina punje mbili tatu mdomoni. Nikalibana na bunduki ya upepo, nikafyatua. Nikasikia "pa!" kidogo huko ndani. Nikajisemea, imezibuka.

Mpira ulikuwa umechomoka kwenye shingo yake, huko nyuma ya silingi, ule mfuniko wa ndani wa paa, ambako jicho halifiki. Tangu dakika ile trei ya lile gari ilikuwa tayari kumwaga maji ndani ya buti. Maji yenyewe tu ndiyo yalikuwa hayajafika.

Kioo nilikifunga vizuri, hilo hata leo sikubali mtu aniambie vingine. Nikamwaga ndoo mbili juu ya paa, ndani pakavu. Mama akalipa, akaongeza elfu kumi ya soda. Sasa sikilizeni: uwanja wa gereji ile uliinama kidogo kuelekea barabarani, na gari niliegesha pua ikitazama barabara. Maji yote ya ndoo yalikimbilia mbele yakatoka kwa mipira ya mbele, ambayo ilikuwa mizima. Mpira wa nyuma haukuonja hata tone. Na kule Isamilo, mnaijua milima ile, gari la mama linalala pua juu kila siku.

Novemba vuli ikaanza. Simu ikaita. "Fundi, gari langu linanuka kama mtumbwi wa dagaa." Nikamwambia alete. Akaleta, na mimi, badala ya kunusa harufu inatoka wapi, nikatazama juu. Nikaiona raba, nikaamua raba haijakaa. Nikachukua silikoni. Ndiyo, mimi. Nikaziba ukingo mzima, nikausawazisha kwa kidole chenye mate, nikamwambia asifungue kioo kwa siku mbili. Ndiyo maana Jumamosi nilishindwa kupiga kelele.

Wiki mbili baadaye ikawa buti linafunguka lenyewe saa nane usiku. Kengele inalia, mlinzi wa jirani anapuliza filimbi, mama anatoka na kanga kushika mwizi asiyekuwepo. Siku ya tatu gari halikuwaka kabisa. Betri ya E70 iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na humo humo kuna vikontrolboksi, vile visanduku vya umeme vinavyoongoza mifumo ya gari. Niliponyanyua lile tandiko nilikuta bwawa. Betri imetulia ndani ya maji kama kiboko, imeacha mgongo tu juu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa gereji jirani, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia "Mwangaluka", akaitika, nikamweleza yote kuanzia korongo. Akauliza swali moja tu: "Kwa huyo mama, gari linalala limetazama wapi?" Sikuelewa anataka nini. Akasema tulivute tulipandishe kwenye mwinuko, pua juu. Akachukua kikombe chake cha chai, akakisuuza, akajaza maji, akamimina pole pole kwenye kona ya nyuma kulia. Chini ya bampa hapakutoka kitu. Ndani ya buti tukasikia: ti, ti, ti. Mzee hakusema neno. Akarudi kwenye benchi lake, akajimiminia chai kwenye kikombe kile kile.

Hesabu yake ilikuwa hivi: silingi yote kushushwa, mpira kurudishwa kwenye shingo na kufungwa kibanio, silikoni kukwanguliwa, kapeti kuanikwa siku tatu juu ya mwamba, betri mpya, vikontrolboksi viwili vya mtumba, na mtu wa kompyuta wa kuvifanya vilitambue gari. Jumla Sh 2,700,000. Niliuza pikipiki. Mama hakunidai hata senti ya usumbufu. Alichosema ni, "Fundi, ungeniambia tu kwamba hujui." Pikipiki nimeshaisahau rangi yake, lakini sauti ile bado naisikia kila vuli.

Mipira zibua kwa uzi laini wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, au waya wa breki ya baiskeli uliofunikwa ncha yake, ukisukuma na kuvuta taratibu. Punje nyonya. Haya, tuendelee.

4. Kioo agiza kwa namba ya chesesi.

Siyo kwa kumwambia mtu wa Dar "nataka kioo cha sanrufu cha Mercedes, ya zamani kidogo". Gari moja linaweza kuwa na sanrufu ndogo au ile ya paa zima, na vioo havifanani hata kwa mashimo ya skrubu.

Na kikisafirishwa, kisimame kwa ukingo ndani ya boksi lake. Kisilazwe. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, na kondakta hajui kwamba juu ya kile boksi bapa hapawekwi gunia la nazi. Mzigo niliokwenda kuuchukua Jumamosi ulikuwa wa aina hiyo. Boksi lilikuwa zima, limeandikwa kila upande kwamba ni kioo. Nikalitikisa, likalia kama kayamba. Kondakta akaniambia, "Mzee, labda ndivyo kilivyo." Nilicheka kwanza, hasira ikafuata baadaye nikiwa kwenye daladala.

5. Usawa wake.

Kioo cha skrubu, usizikaze zote mpaka umekipima na paa. Ukingo wa mbele uwe sawa na paa au chini yake kwa kitu kisichozidi milimita 1. Ukingo wa nyuma uwe sawa au juu kwa kiasi hicho hicho. Ukikosea, maji huenda yasiingie, ila mteja akivuka daraja la Busisi na upepo wa ziwa atasikia mluzi mwanzo mpaka mwisho, na lile daraja lina kama kilomita 3. Atakuwa na muda wa kutosha wa kukutaja. Kubana kwa raba pima kwa noti: iweke ukingoni, funga kioo, ivute. Ikitoka bila ubishi, hapo kuna mwanya. Tumia noti yako, siyo ya mteja. Kuna dogo nilimfundisha hili akapima na elfu kumi ya mteja, ikachanika katikati, na mjadala wa nani ana nusu ipi ulichukua muda kuliko kazi.

6. Vya gundi.

Hivi havina skrubu, vimeshikwa kwa gundi ile ile ya vioo vya mbele, yurethani. Gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani, na ziwa hili halijawahi kutunyima unyevu. Kinachoiua ni vumbi na mafuta ya vidole. Safisha, paka praima, ile dawa ya kuifanya gundi ishike, usiguse tena. Halafu soma kwenye tyubu gari likae saa ngapi kabla ya kutembea, na mteja akikuhimiza mwonyeshe maandishi hayo ayasome yeye. Nimeona fundi kamruhusu mtu mapema kwa sababu "anawahi harusi Magu". Aliwahi. Kioo ndicho kilichochelewa.

7. Vidogo vidogo.

Ukishusha silingi, chomoa betri kwanza na usubiri, maana kingoni mwa paa kuna mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayofumuka kwenye ajali, na ile haijui kwamba wewe ni fundi. Raba isipakwe grisi ya injini wala oili chafu, inavimba. Kuna mafuta ya silikoni ya raba, na hayo ni silikoni nyingine kabisa, msinichanganyie. Baada ya kazi mota inaweza kuwa imesahau mwanzo na mwisho wake, kioo kikafunga nusu na kurudi; usiilaumu mota, ifundishe upya. Magari mengi unashikilia swichi mpaka kioo kiende na kurudi chenyewe, mengine yanataka mashine ya kompyuta. Kabla ya kumpigia mteja, vikombe vinne, pua chini. Kisha vikombe vinne, pua juu.

Ile Lexus, kama mnataka kujua: mpira wa mbele kushoto ulikuwa umeziba kwa ua la mwembe na mabawa ya wadudu. Kuuzibua kumechukua dakika kumi. Kukwangua silikoni, saa nne kasoro. Mteja naye akaniuliza kwa nini natoa dawa iliyokwisha wekwa, ikabidi nianze kumweleza tangu namba moja.

Tyubu iliyobaki nimeifungia kwenye droo, funguo ninazo mimi. Jana dogo amekuja kwa adabu zote, mikono nyuma, akaniomba nimwazime. Nikamtazama. Akasema, "Si ya gari, bosi. Sinki la mama linavuja."

Nimemwambia akaangalie bomba kwanza.