Bodi Mbili Ndani ya Kabati Moja

SWALI: Fundi, nina kabati moja la michezo ya video, ile mashine ya kutia sarafu, na bodi mbili za JAMMA, yaani bodi za saketi za michezo zenye mpangilio mmoja wa pini. Nyaya zote nimeziunganisha pamoja, pini kwa pini, ila volti 5 za kila bodi zinapita kwenye swichi yake. Nikiwasha moja, picha inafifia na mchezo unajihesabia sarafu wakati hakuna aliyetia kitu. Nimeshauriwa nipandishe volti kwenye pawasaplai. Nipandishe?

JIBU: Usiiguse hiyo skrubu ya kupandishia volti. Kama umeshaizungusha, irudishe ilipokuwa.

Kila wiki naletewa kabati la namna hii. Mtu akishakata volti 5 anadhani ile bodi ya pili haipo tena. Ipo, ndugu yangu. Pini ya kila kitufe ina rezista inayoivuta juu kwenye volti 5. Ukibonyeza, unaigusisha na waya wa ardhi, yaani volti sifuri. Kwenye bodi uliyoizima, hizo volti 5 hazipo, kwa hiyo rezista zake zinauvuta chini waya uleule ambao bodi inayowaka inauvuta juu. Volti zinaelea katikati, na bodi inasoma sarafu za mizimu.

Pima mwenyewe. Washa bodi ya kwanza, kisha shika pini ya 1 (ardhi) na ya 3 (volti 5) za ile iliyozimwa kwa mita. Ulitegemea sifuri, sivyo? Mimi hukuta volti moja na nusu, hata mbili. Umeme umeingilia dirishani, kupitia rezista na dayodi (vijia vya umeme vya upande mmoja) zilizo ndani ya chipu, na chipu hazikuumbwa kulishwa kwa njia hiyo. Picha nayo inafifia kwa sababu hiyohiyo: bodi iliyolala inainyonya ishara ya rangi.

Dawa ni kadi ya kubadilishia bodi, au rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme), zinazokata pia rangi tatu, ishara ya sinki inayopanga picha kwenye skrini, vitufe, sarafu na nyaya ZOTE MBILI za spika. Kwenye bodi nyingi waya hasi wa spika si ardhi, kwa hiyo usiunganishe hasi za bodi mbili. Kinachobaki pamoja ni ardhi tu. Na ubadilishe bodi umeme ukiwa umezimwa.

Sasa huyo aliyekwambia upandishe volti. Chipu za TTL, aina iliyojaa kwenye bodi hizi, zinataka kati ya volti 4.75 na 5.25, na unapima kwenye ukingo wa bodi, kwenye pini, si kwenye pawasaplai. Zikipungua pale, nenepesha waya, safisha meno ya bodi, yaani hizo pini za ukingoni, kwa kifutio. Ukipandisha, bodi inayokula umeme kidogo ndiyo itakayopigwa, tena kimyakimya. Watu haohao wanauza mikia ya nyaya yenye vichwa viwili, eti “chomeka tu, ucheze”, na wanachomeka hata bodi za kabla ya 1985, mwaka ambao JAMMA ilianza; kabla yake kila kiwanda kilipanga pini kivyake. Bodi ya namna hiyo usiichomeke popote kabla hujapata mchoro wa pini zake yenyewe, na ukakagua adapta ya kuiunganisha na kabati, pini moja moja, kwa mita.